Milima Haikutani

Chupa ilikuwa ya kioo, yenye kifuniko cha chuma, na ndani yake majani yalikuwa yakishuka. Hayakuwa ule unga mweusi tuliouzoea, unaochemshwa mpaka maji yakolee na sukari ikubali. Yalikuwa majani mazima, marefu, yaliyojikunja, na kadiri maji ya moto yalivyoyapenya yakajikunjua moja moja, yakasimama wima, kisha yakazama taratibu hadi kwenye kitako cha chupa. Mwenye chupa alikuwa fundi wa Kichina, mtu wa makamo, aliyefika Mwadingusha Jumapili hiyo na wenzake kutazama maporomoko, kama wafanyavyo watu wengi wa Likasi wakipata gari na nafasi. Aliomba maji ya moto kwa mama mmoja anayeuza chai na mikate kando ya njia. Mama akamjazia, kisha akamsogezea kopo la sukari. Mgeni akatikisa kichwa. Mama akacheka hadi kitambaa kikamlegea kichwani: “Papa, bila sukari? Hii chai iko ya mugonjwa!” Papa hakuelewa neno, lakini naye akacheka, akanywa, na baada ya kitambo akarudi kuomba maji mengine. Majani yaleyale, maji mapya. Akarudi tena. Safari hii mama hakucheka. Aliinama akayatazama yale majani kwa heshima, maana mtu wa biashara anajua thamani ya kitu kisichokwisha upesi.

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Pale kando ya njia niliona kwamba methali hiyo imeacha jambo nje. Ndani ya ile chupa mlikuwa na mlima. Chai ya namna ile haitoki popote tu. Ina kilima chake, ukungu wake na upande wake wa jua, na Wachina huitaja kwa mlima ilikochumwa, jinsi tunavyomtaja mtu kwa kijiji chao. Mlima wa mbali ulikuwa umefika Mwadingusha mkononi mwa mtu, ukawa unaloweshwa kwa maji ya Katanga, huku Kongo, karibu na genge ambalo mto Lufira huangukia. Safari ya upande wa pili tunaijua vizuri zaidi. Shaba yetu inaondoka kila siku kwa malori na treni, inakwenda bandarini Durban, Dar es Salaam, Lobito, na sehemu kubwa yake huishia China. Kule nako, asubuhi, mtu anawasha birika la umeme, na ndani ya waya wake huenda mna chembe za kilima kilichosimama zamani kati ya Likasi na Kolwezi. Basi milima imekutana. Linalobaki kuulizwa ni kila mmoja uliacha nini nyumbani ulipoondoka.

Nitautaja mmoja wa milima hiyo ya chai, kwa sababu ndio ulioandikwa rasmi. Kusini-magharibi mwa China, katika jimbo la Yunnan, eneo la Pu’er, karibu na mpaka wa Myanmar, kuna mlima uitwao Jingmai. Mwezi Septemba 2023, UNESCO ilipokutana Riyadh, iliuingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia, ukawa wa kwanza kuingia humo kwa ajili ya chai. Mwaka mmoja kabla yake, ufundi wa kutengeneza chai wa Wachina na desturi zinazoambatana nao vilikuwa vimeingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Anayetarajia kuona huko mistari ya kijani iliyopigwa mkasi, kama ya Kericho, hataiona. Jingmai ni msitu. Juu iko miti mirefu yenye kivuli, katikati imo michai, na chini kabisa mna nyasi, dawa za mitishamba na mboga. Watu wa kabila la Blang na la Dai wameotesha michai chini ya kivuli hicho tangu karne ya 10 hivi. Mchai usipokatwa-katwa ni mti hasa, una shina na matawi, na mchumaji huupanda. Kila shamba lina mti mmoja uliotengwa kuwa wa roho, na mavuno hayaanzi kabla ya watu kwenda kuuheshimu. Na watu wa Blang wana simulizi ya mhenga wao, Pa Aileng, ambaye alipokaribia kufa aliwaza awaachie wanawe nini. Akiwaachia ng’ombe, maradhi yatawamaliza. Akiwaachia dhahabu na fedha, watazitumia ziishe. Akawaachia michai, akawaagiza waitunze kama macho yao.

Sijui kama kuna mtu wa Katanga anayeweza kuisikia simulizi hiyo bila kuhisi kwamba anasemwa yeye.

Maana zamani nchi ya chai na nchi ya shaba zilifanana kwa jambo moja kubwa: zote mbili zilitoa fedha. Chai ya Yunnan ilishindiliwa ikawa mikate ya mviringo, ambayo hata leo huuzwa kwa uzito wa gramu 357, saba saba ndani ya ganda la mwanzi, na ilipakiwa juu ya farasi na nyumbu ikapandishwa milimani hadi Tibet. Huko, na Mongolia, na Siberia, matofali ya chai yalipokelewa sokoni kama sarafu. Hapa kwetu, Basanga walipomaliza mavuno, katika kiangazi, walihamia kwenye vilima vya shaba. Walijenga tanuri kwa udongo wa vichuguu, wakavuta mivukuto, wakaliyeyusha jiwe la kijani hadi likawa uji mwekundu, wakaumimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Waliitwa walaji wa shaba, kwa kuwa shaba ndiyo iliyowalisha. Msalaba huo ulinunua chumvi na jembe, ulilipa mahari, ulizikwa na mwenyewe katika makaburi ya Sanga, kando ya Lualaba. Ulipendwa hata na wanasiasa: mwaka 1960, Katanga ilipojitangaza nchi, bendera yake ilichorwa misalaba mitatu ya shaba. Lakini Mtibeti aliyeishiwa na njaa ikambana angeweza kuichemsha fedha yake akainywa. Msanga hakuweza. Huenda ndiyo sababu tangu mwanzo shaba ilikuwa kitu cha kupelekwa kwa wengine.

Tena watu wa mjini wamesahau kwamba kilima cha shaba nacho kilijulikana kwa majani. Ukipita katika msitu wa miombo, ule wa masuku na uyoga wa masika, ghafla miti inakatika. Unatokea mahali peupe, pa nyasi fupi, juu ya kilima, na hapana moto wala shoka lililopafanya hivyo. Ni sumu ya shaba iliyomo udongoni, ambayo miti haiivumilii. Humo ndani kunaota mmea mdogo wa jamaa ya mrehani, wenye maua ya zambarau, ambao wataalamu waliupa jina la Haumaniastrum katangense na wengine huuita ua la shaba. Unavumilia mahali wenzake wanapokufa. Wafuaji wa zamani walivisoma vilima kwa alama za namna hiyo, na wanajiolojia wa Ulaya walipofika nao wakajifunza kuzisoma. Kwa hiyo kila mlima ulipewa jani lake. La Jingmai lilimwambia mtu: baki, mwakani nitachipua. La Katanga lilimwambia: hapa ndipo, chimba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tumeinama kwa zaidi ya karne moja. Tumeinama hadi vilima vikawa mashimo na mashimo yakawa maziwa ya maji ya buluu ambayo hakuna anayeyaogelea.

Vilima vilivyoondoka ni vingi na majina yake yanajulikana zaidi ng’ambo kuliko hapa. Shinkolobwe, karibu na Likasi, kilifika Mashariki ya Mbali muda mrefu kabla ya chupa ya chai kutujia: sehemu kubwa ya urani iliyotengenezea bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka huko. Watoto wetu husoma juu ya Hiroshima shuleni, na wengi wao hawajaambiwa kwamba kilima kile kilikuwa jirani. Na palipoondoka mlima, tulijenga mwingine. Lubumbashi ina mlima mmoja tu wa kutazamwa, nao ni takataka: mlima mweusi wa masalia ya tanuri la kampuni ya Union Minière lililoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, umesimama kando ya bomba lake refu la moshi, na ndio picha ya mji. Wachoraji wa mitaani wameuchora kwa miaka na miaka, mume kazini, mlima nyuma yake, mke akingoja mshahara mlangoni. Nimewahi kuona watu waliohamia mbali wakitokwa machozi mbele ya mchoro huo, na siwacheki. Mtu hulilia alichonacho. Siku hizi hata ule mlima unapungua. Kiwanda kimerudi kuyayeyusha masalia yake ili kutoa kobalti iliyokuwa imeachwa. Chai ina maji ya pili na ya tatu. Nasi tumefika kwenye maji ya pili ya shaba.

Mwadingusha iko katikati ya haya yote, ingawa haina mgodi. Msafara wa Wabelgiji Bia na Francqui ulipita katika nchi hii mwaka 1892, ukiwa na mwanajiolojia Jules Cornet, na maporomoko ya Lufira yakabandikwa jina la Cornet, kana kwamba yalikuwa yakianguka miaka yote hiyo bila kuitwa chochote. Baadaye mto ukazuiwa kwa ukuta, na mwaka 1930 mitambo ikaanza kuzunguka ili viwanda vya shaba vipate umeme. Kituo nacho kikaitwa Francqui. Kile kilichojengwa chini yake, Koni, ambacho hutumia maji yaleyale mara ya pili, kikaitwa Bia. Mji wa viwanda ulioupokea umeme huo uliitwa Jadotville, kwa jina la mkurugenzi Jadot, hadi 1966, ndipo ukarudi kuwa Likasi. Wanaume watatu na mkurugenzi mmoja wakagawana mto na mji. Majina ya zamani yamerejea kwenye vibao, lakini wazee wa huku bado wanasema “Cornet” wakizungumzia maporomoko, na vijana wengine hudhani ni neno la Kisanga.

Sehemu kubwa ya mto sasa huingia kwenye mabomba kabla haijafika ukingoni. Unasimama juu unayaona yakishuka kwenye mteremko, manene, yamelala juu ya mawe, na ukiweka kiganja juu ya chuma chake unasikia mtetemo unaopanda hadi kiwiko: ni Lufira inayopita humo gizani. Chini, kwenye jumba la mitambo, mtetemo huo unageuka umeme. Mitambo sita ilichakaa hadi ikawa inakohoa, kisha ikafanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika 2021 kwa fedha za mradi wa mgodi wa Kamoa-Kakula, ambao Wakanada wa Ivanhoe na Wachina wa Zijin wanaumiliki pamoja na serikali yetu. Kituo sasa kina uwezo wa megawati 78 hivi. Nyaya zinatoka hapo kwa fahari, zinavuka vilima, zinakwenda kazini. Chini yake kuna nyumba ambazo mama anapika bukari, ugali wetu, kwa makaa na mtoto anafanya kazi za shule kwa tochi ya simu. Nimesikia watu wakisema hilo ni jambo la kawaida Kongo. Ni la kawaida, ndiyo. Ndiyo maana neno aibu lina matumizi mengi.

Hata hivyo nisiitendee Mwadingusha dhuluma kwa kuihesabu kama mashine tu. Nyuma ya ukuta lilijaa ziwa, Tshangalele, pana na lenye kina kifupi, na katika miaka chini ya mia moja limekuwa kama lililokuwepo tangu uumbaji. Wavuvi wana mitumbwi yao, wachuuzi wa samaki wana bei zao na ugomvi wao, na kwenye matete yake anaishi mnana mmoja wa kichwa cheusi na manjano ambaye wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1982 na ambaye hajulikani nje ya bonde la mto huu. Bonde la Lufira lilitangazwa kuwa hifadhi ya baiyosfia ya UNESCO mwaka huohuo wa 1982, na mwaka 2017 likaandikwa pia chini ya mkataba wa Ramsar wa maeneo oevu. Hivyo tuna vyeti viwili. Mtu akitaka kujua vinalinda nini, na atembee kando ya mto Panda, unaotoka Likasi na kumwaga katika Lufira kile ambacho viwanda vimemaliza kukitumia.

Mwandishi wa kwanza mkubwa wa chai, Lu Yu wa karne ya 8, alikuwa mkali kuhusu maji. Maji bora ya chai kwake yalikuwa ya mlimani, yakifuatiwa na ya mto, na ya kisima yakawa ya mwisho. Lakini hata ya mlimani aliyachagua: yale yanayotiririka polepole juu ya mawe ni mema, yale yanayoporomoka kwa kishindo yaachwe, kwa kuwa yakinywewa muda mrefu huleta maradhi ya shingo. Hapakuwa na sayansi ya maabara katika onyo lake. Palikuwa na mtu aliyekaa karibu na maji kwa muda wa kutosha hadi akawa na maoni juu yake. Mama wa Mwadingusha naye ana maoni. Maji aliyomwagia yule mgeni hakuyachota ziwani. Aliniambia ya ziwani ni ya kufulia na kuoshea vyombo, ya chai huyatafuta kwingine hata kama ni mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipopima mikojo ya watu waishio karibu na migodi na viwanda vya Katanga, katika utafiti uliotolewa 2009, waliikuta na kobalti kwa wingi wa kutisha. Mama hakuusoma. Alikuwa ameshaamua, kwa njia ya Lu Yu.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba palipo na chai pana haki, na palipo na shaba pana dhuluma. Mashariki mwa Afrika chai ilikuja na wakoloni: Wajerumani waliijaribu Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, Limuru ikapandwa 1903, Kericho ikafunguliwa kwa makampuni makubwa katika miaka ya 1920. Vilima vya Kericho ni vizuri kiasi cha kumfanya msafiri asimamishe gari, na chini ya uzuri huo kuna Wakipsigis waliohamishwa, na ukoo wa Talai uliokokotwa mwaka 1934 hadi Gwassi, kwenye joto na mbung’o karibu na ziwa, ili mashamba yatulie. Kongo pia ina chai yake, huko Kivu, Mbayo upande wa Kabare na Butuhe karibu na Butembo, kwenye ubaridi. Vita vimeyafanya mashamba hayo yaote vichaka, yakafufuka, yakaota vichaka tena. Hata Jingmai yenyewe ilionja wazimu wa fedha: mwaka 2007 bei ya chai ya Pu’er ilipanda hadi watu wakainunua kama hisa, kisha ikaporomoka. Na cheti cha UNESCO huleta mabasi ya watalii, ambayo nayo ni aina ya uchimbaji.

Lililo tofauti Jingmai ni dogo, na ndilo ninalolizunguka tangu mwanzo. Wenye mlima walibaki juu yake. Anayeuchuma mti ni kitukuu wa aliyeupanda, na kanuni za nani achume wapi, mti gani usikatwe, msitu gani uachwe kati ya kijiji na kijiji ili magonjwa na moto visivuke, zinawekwa na watu walewale watakaoumia zikivunjwa. UNESCO haikutunga hayo; iliyakuta, ikayaandika. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Mulanje, mlima wa Malawi. Chini ya mlima huo kuna mashamba ya chai ya tangu mwisho wa karne ya 19, miongoni mwa ya kwanza Afrika, lakini ulipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2025 sababu haikuwa chai ya walowezi iliyo miguuni pake. Ilikuwa mizimu iliyo kileleni, na Wamang’anja, Wayao na Walomwe ambao hawajaacha kuipandia. Mwacha asili ni mtumwa, tunasema, na kwa kawaida tunalisema kwa kijana aliyebadili mavazi. Lakini mtu akiondolewa kwenye kilima, na kilima nacho kikaondolewa, asili ameiacha yeye au imemwacha?

Na sisi tungeandika nini? Swali hilo lilinikaa kichwani njia nzima ya kurudi Likasi, nikitazama nje. Kisha nikagundua kwamba nilikuwa nikiyapita majibu kwa makumi. Vichuguu. Vya Katanga si vile vya kufika gotini. Vingine ni virefu kuliko nyumba, vina miti yake juu, tofauti na ya msitu unaovizunguka, na watafiti waliovichunguza karibu na Lubumbashi walivikuta vingine vina umri wa miaka zaidi ya 2,000. Vilikuwepo kabla ya tanuri la kwanza la Basanga, na udongo wake ndio uliolijenga. Uyoga mkubwa wa masika hutokana na mchwa wake, wajawazito huutafuta udongo wake, wazee wengine wamezikwa ubavuni mwake, na mkulima hupanda mahindi juu yake akijua yatakubali. Ni mlima ambao kila kijiji kilikuwa na wake, uliotengenezwa polepole na viumbe vidogo chembe kwa chembe, haba na haba. Nenda leo pembezoni mwa Likasi au Lubumbashi uone tunavyoufanya: unachongwa kwa jembe ubavu mmoja, unakandwa, unachomwa, unatoka matofali. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa vichuguu. Siwalaumu wajenzi, saruji ni ghali na watoto wanahitaji paa. Nasema tu kwamba kitu cha miaka 2,000 kinaishia kuwa ukuta wa choo, na hakuna aliyeuliza kilikuwa cha nani.

Nafahamu jibu nitakalopewa, kwamba watu wenye njaa hawatunzi vichuguu. Nimelisikia hata kutoka kwa walioshiba. Lakini watu wa Blang hawakuwa matajiri walipoitunza michai kwa miaka elfu moja. Walitajirika juzi, kwa sababu waliitunza. Na mgeni wetu wa Kichina, ambaye wahenga walishauri tumpe jembe siku ya tatu, alikuja na jembe lake mwenyewe, tena la magurudumu makubwa kuliko mtu, na hawezi kutuchagulia cha kubakiza. Hiyo haikuwa kazi yake. Wala haikuwa ya Wabelgiji kabla yake. Katika chupa yake alibeba kitu cha mlima ambao wenyewe walisema hapana kwa baadhi ya mambo, na ndiyo kwa mengine. Naamini angeelewa neno hapana, kama lingetoka kwetu.

Kongo ina maeneo matano katika Orodha ya Urithi wa Dunia: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya okapi. Yote matano yaliingia kwa ajili ya msitu na wanyama. Rumba yetu iliingia mwaka 2021 katika ile orodha ya visivyoshikika, nasi tukacheza barabarani. Mahali hata pamoja palipotengenezwa kwa mikono na akili ya Wakongo hapamo. Hakuna tanuri la Basanga, hakuna kilima cha ua la shaba, hakuna kichuguu, hakuna Bunkeya, mji wa mfalme Msiri. Kibali cha kuchimba, kwa sheria ya madini ya 2018, hutolewa kwa miaka 25 na huweza kurefushwa, na vibali vimefunika sehemu kubwa ya ramani kati ya Likasi na Kolwezi. Upande wa Mwadingusha na ziwa lake bado kuna vilima vilivyosimama na wazee wanaovijua kwa majina. Machifu wa Basanga, jumba la makumbusho la Lubumbashi na chuo kikuu wana watu wa kutosha kuianza kazi ya kuviandika msimu huu wa kiangazi, bila kungoja mradi wala mfadhili. Nawe msomaji, kama kijijini kwenu kulikuwa na kilima, muulize bibi kilikuwa kinaitwaje, nani alizikwa pale na kulikuwa kunaota nini, uandike, na nakala moja uipeleke kwa chifu.